Ukaguzi wa nyaya kabla ya kufungiwa mita: tathmini ya huduma

Wajenzi wengi wa Tanzania Bara huuona ukaguzi wa mfumo wa umeme kuwa kikwazo cha mwisho kabla ya kupata mita ya Luku, na hutamani uishe upesi. Nilipoufuatilia katika nyumba ya mdogo wangu, niliridhika kuwa ni huduma ya lazima, nikaona pia mahali inapopungua.

Msingi wake ni mzuri. Leseni za kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa madaraja, kulingana na ukubwa wa kazi, hivyo anayeruhusiwa kutandaza nyaya za nyumba ya kawaida si lazima awe na ruhusa ya kufunga mitambo ya kiwandani. Mwenye nyumba asisite kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa sababu mkaguzi huja kazi ikiwa imekwisha, na kubomoa lipu ili kurekebisha waya ni gharama inayouma.

Mkaguzi aliyetujia hakuishia kuhesabu soketi na taa. Alipima uimara wa ihami, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja kutoka kwenye waya, kwa kipimo kinachopeleka volti 500 kwenye nyaya, akieleza kuwa usomaji ukishuka chini ya megaomu 1 kazi haipokelewi, kisha akapima ukinzani wa ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye nondo iliyozikwa nje ya jiko. Katika chumba cha nyuma aligundua kwamba swichi ilikuwa inakata nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Kosa la namna hii halionekani kwa macho, kwa kuwa taa ingewaka na kuzima kama kawaida, lakini holda ingebaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu angeweza kupigwa shoti akiamini yuko salama. Alihakikisha pia kuwa kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30, ambacho kwa maoni yangu hakuna nyumba yenye hita ya maji bafuni inayopaswa kukikosa. Kwa kazi hiyo nampa alama za juu bila kusita.

Kasoro ya kwanza niliyoiona ni kwamba matokeo tulielezwa kwa mdomo tu. Familia ingeachiwa karatasi yenye namba zilizosomwa, fundi atakayekuja baadaye angejua kama ihami imeanza kuchoka.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba ukaguzi hufanyika wakati wa kuunganishwa, halafu nyumba huachwa ijiendee. Baada ya hapo huongezwa kiyoyozi, friji la biashara na vyumba vya wapangaji, vyote vikivuta umeme kupitia nyaya zilezile zilizopimwa nyumba ikiwa tupu. Huko England, kanuni za mwaka 2020 zinawataka wenye nyumba za kupangisha wapimishe mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka 5 na kumpa mpangaji nakala ya taarifa. Kwa hapa kwetu, ningependa utaratibu kama huo uanze na nyumba za wapangaji wengi na hosteli za wanafunzi, ambako anayelala chumbani hana mamlaka ya kumwita fundi wala ya kufungua boksi la sakiti breka.