Huduma ya kujaziwa fomu ya SNAP pale benki ya chakula: nendeni jamani

Naandika hii kwa ndugu zetu walioko Marekani, hasa wale mshahara unaishia kwenye kodi ya nyumba na bado wakisikia fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, wanaona ni za watu wengine. Siku hizi inaitwa SNAP, jina lilibadilishwa 2008, hela inaingia kila mwezi kwenye kadi ya EBT unalipia dukani, chakula tu, sabuni na pampasi hapana.

Sasa huduma yenyewe. Benki ya chakula ya huku kwetu, pale wanapogawa chakula bure, imeweka meza ya kusaidia watu kuomba, na mimi nilimsindikiza mama mmoja jirani, ameshapita miaka 60, anaishi peke yake. Mama alitaka arudi kwanza nyumbani atafute makaratasi yote ndo aje siku nyingine, dada wa pale mezani akamwambia hapana mama, andika jina, anwani, weka sahihi, tunaituma leo leo, makaratasi yatafuata. Kumbe siku fomu inapopokelewa ndo siku unayoanza kuhesabiwa ukikubaliwa, kwa hiyo ukikaa wiki mbili unatafuta karatasi ya umeme hizo wiki zimepotea, hakuna atakayekurudishia. Hicho kitu peke yake kinatosha mimi kuwasifia.

Halafu akaanza kuuliza maswali ambayo mtu ukijaza mwenyewe kwenye simu unayaruka tu. Dawa unalipia mwenyewe? Miwani? Nauli ya kwenda hospitali? Mama akafungua mkoba akatoa risiti za famasi zimekunjwakunjwa, nyingine wino umeanza kufutika, dada akazinyoosha moja moja pale mezani akazipiga picha. Mtu wa miaka 60 na kuendelea au mwenye ulemavu, gharama za matibabu zikizidi dola 35 kwa mwezi ile ya juu inapunguzwa kwenye hesabu ya kipato, na kipato kikishuka msaada unaweza kupanda. Wazee wetu wangapi wanajua hilo? Wanapewa hela kidogo wanashukuru wananyamaza, na haki yao iko kwenye mkoba.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, bure, Kiswahili chake cha Tanzania na mama ni wa Bukavu lakini walielewana vizuri. Tafadhali acheni kuwatoa watoto shule waje kutafsiri, mkalimani ni haki yako, ofisi haitakiwi kukulipisha.

Mjue pia hawa wa mezani hawaamui nani apate. Anayeamua ni ofisi ya jimbo, na intavyuu utafanya na wao, mara nyingi kwa simu, jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 30, au siku 7 kama hali ni mbaya sana. Na huduma ni bure, kwa hiyo mtu akikudai hela ya kujaza fomu au akitaka PIN ya kadi yako, ondoka hapo.

Kingine nilichopenda ni kwamba hawadanganyi watu. Kuna baba alikuwa nyuma yetu, mkimbizi, grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) bado, wakamweleza wazi kwamba sheria ya Julai 2025 imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka wapate grini kadi. Iliniuma sana, mtu kakimbia vita anakuja kuambiwa hivyo. Ila hawakumwacha hivyo hivyo, wakamuuliza watoto wamezaliwa wapi, maana aliyezaliwa Marekani anaweza kuombewa hata kama mzazi hafai, wakamwandikia na WIC, msaada wa chakula wa wajawazito na watoto wadogo, kwa ajili ya mke mjamzito na chakula cha shule, huko hawaulizi makaratasi ya uhamiaji.

Mabaya yapo. Wanafungua mchana siku za kazi tu, sasa anayefanya shifti ya kiwandani aje saa ngapi? Wafungue hata Jumamosi moja kwa mwezi. Na baada ya kukubaliwa hawakufuatilii, wakati hapo ndo watu wetu wengi wanakatwa, barua ya kusajili upya inakuja kwa Kiingereza, mtu anaiweka juu ya friji, mwezi unaofuata yuko kwenye foleni ya dukani kadi haina kitu. Simu moja tu kabla ya tarehe ingeokoa familia nyingi. Ikikutokea usikae kimya, una siku 90 za kukata rufaa.

Kadi ya mama ilikuja kwa posta, na nimemwambia awe anabadilisha PIN mara kwa mara kwa sababu tangu mwisho wa 2024 serikali kuu hairudishi tena hela iliyoibwa kwenye kadi.

Nawapa nyota nne. Kama hujui kwenu meza iko wapi piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, waambie unatafuta wanaosaidia kuomba SNAP, Kiingereza kikikushinda sema tu "Swahili" usikate simu, sehemu nyingi watakutafutia mkalimani.