Malipo ya otomatiki ya benki: raha mpaka siku salio lisipotosha

Umeme, intaneti, bima, mkopo, vyote nimeviunganisha na akaunti vinajikata vyenyewe, na kwa kweli miezi mingi hata sikumbuki kama kuna bili. Shida nimeiona mwezi ambao mshahara ulichelewa kuingia.

Aisee unakatwa mara mbili kwa kitu kimoja. Wa mkopo walikuja kuvuta pesa yao hawakukuta kitu, malipo yakadunda, benki ikaniwekea ada ya malipo kushindikana na wale wa mkopo nao wakaweka faini ya kuchelewa, baada ya siku kadhaa wakajaribu tena, mshahara bado, ada nyingine! Yaani huna hela, halafu unatozwa kwa sababu huna hela. Akaunti ikasoma hasi, mshahara ulipoingia benki ikajilipa kwanza.

Intaneti ilikuwa kwenye kadi, hiyo iligoma tu bila ada ila wakanizimia huduma. Bima ndo ya kuogopa, wanakupa muda kidogo wa kulipa, ukipita kinga inaisha na ukipata ajali hapo katikati ni juu yako.

Apu ya benki sasa. Inaonyesha salio mbili, la akaunti na lile unaloweza kutumia, na la kwanza ndo limeandikwa kwa maandishi makubwa wakati ndani yake kuna hela ambayo imeshazuiwa kwa manunuzi ya kadi ambayo bado hayajakatwa. Malipo yanaangalia lile la pili. Na meseji ya kwamba salio halitoshi inakuja malipo yakishadunda, sasa ya nini?

Kasitoma kea nawapa haki yao, ukiongea nao vizuri wanasikiliza, ada moja walirudisha, ya pili wakagoma. Mkopo nao walikubali kusogeza tarehe ya makato iwe baada ya siku ya mshahara, sikujua hata kama inawezekana, ulizeni. Kusitisha makato nako kunawezekana ila uombe siku kadhaa kabla ya tarehe, ukichelewa yanapita tu, na ukisitisha deni liko palepale, utalilipa kwa njia nyingine.

Nyota tatu kati ya tano. Wakianza kutuma meseji ya tahadhari siku moja kabla nitaongeza ya nne, ya tano mpaka waache kutoza ada kwa kila jaribio.