Uzoefu Wangu na Kanuni Fupi za Mapigano ya Karne ya 17 Mezani

Nilichokuwa nikitafuta kwa muda mrefu ni kanuni za mchezo wa vita wa mezani zitakazowawezesha watu wawili kumaliza pigano zima la karne ya 17 kwa jioni moja, tangu majeshi yanapojipanga hadi upande mmoja unapovunjika, bila kusimamisha mchezo kila mara ili kupekua majedwali. Kanuni ninazozieleza hapa zimo katika kijitabu chembamba ambacho kiini chake hakizidi kurasa nne, na zilizobaki ni mifano na orodha za majeshi. Nimezitumia vya kutosha kujua zinapofaulu na zinapopungua. Kwa maoni yangu, ubora wake hautokani na ufupi wenyewe, bali unatokana na jinsi mtunzi alivyopima ni mambo gani ya enzi ile yanaweza kuachwa na ni yapi yakiachwa mchezo hauna maana tena.

Askari wa miguu ni mfano mzuri. Katika enzi hiyo wenye magobori na wenye mikuki mirefu ya takriban mita 5 walipigana bega kwa bega, kwa kuwa gobori la utambi lilichukua muda kushindiliwa, na aliyekutwa na wapanda farasi kabla hajamaliza kushindilia hakuwa na kinga isipokuwa mikuki ya wenzake. Kanuni nyingine nilizowahi kuzitumia huwatenga watu hawa katika vibao mbalimbali vya kusimamishia sanamu zao mezani, na mchezaji hujikuta akifanya kazi ya sajini ilhali alikaa mezani awe jenerali. Hapa kikosi kizima ni kitu kimoja chenye namba mbili tu, nguvu ya moto na uthabiti. Tersio ya Kihispania, yaani kikosi kikubwa kilichosongamana cha mikuki na magobori, ina uthabiti mkubwa na moto hafifu ukilinganisha na wingi wa watu wake. Brigedi ya Kiswidi ina moto mkali na uthabiti wa wastani. Sikuamini kwamba namba mbili zingetosha mpaka tulipocheza pigano la Breitenfeld, la Vita vya Miaka Thelathini nchini Ujerumani.

Katika pigano hilo la tarehe 17 Septemba 1631, Wasaksonia, washirika wa Waswidi waliosimama kushoto kwao, walikimbia mapema, na jeshi la Tilly, jenerali wa upande wa Kaisari, likapata nafasi ya kuushambulia ubavu uliobaki wazi. Gustav Horn, kamanda wa Waswidi upande huo, aliwahi kuugeuza mstari wake kabla adui hajajipanga upya, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea Tilly vibaya. Mtunzi amelishika jambo hili kwa njia rahisi sana: kila zamu jenerali hurusha dadu kupata idadi ya amri atakazotoa, na kugeuza brigedi hugharimu amri moja, ilhali kugeuza tersio hugharimu mbili. Nilikuwa upande wa Waswidi. Wasaksonia walipovunjika, mwenzangu alikuwa na tersio tatu za kugeuza na amri tatu mkononi, kwa hiyo aliweza kugeuza moja tu, na amri iliyosalia haikutosha kwa ya pili. Mimi nilivuta brigedi mbili kutoka mstari wa nyuma pamoja na mizinga midogo iliyokokotwa na vikosi vyenyewe, nikazisimamisha mbele ya tersio zake mbili ambazo bado zilinipa ubavu. Hakuna jedwali lililofunguliwa, na hakuna kanuni maalumu iliyoandikwa kwa ajili ya Breitenfeld, lakini mambo yalikwenda kama yalivyokwenda siku ile.

Hata hivyo, kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kufukuza. Wapanda farasi wakimvunja adui hurusha dadu moja: wenye nidhamu husimama wakipata 3 au zaidi, na wasio nayo husimama kwa 6 tu. Wanaoshindwa hukimbia moja kwa moja mbele hadi nje ya meza, na huenda wasirudi kabisa. Anayelijua pigano la Naseby la tarehe 14 Juni 1645, katika vita kati ya mfalme wa Uingereza na Bunge, ataona kwa nini kanuni hii ni ya lazima. Prince Rupert, kamanda wa wapanda farasi wa mfalme, aliushinda upande uliomkabili, wapanda farasi wake wakaendelea hadi kwenye mizigo ya Bunge, na waliporudi walikuwa wamechelewa. Cromwell, kamanda wa wapanda farasi wa Bunge, katika upande wa pili wa uwanja, alituma sehemu ya watu wake kuwafukuza walioshindwa na kwa sehemu iliyobaki akawageukia askari wa miguu wa mfalme. Mezani uamuzi wa kushambulia kwa farasi huwa mzito ipasavyo, kwa sababu hata ushindi unaweza kukunyima kikosi chako bora.

Mizinga mikubwa haikufanyiwa haki. Kijitabu kinairuhusu kusogea nusu ya mwendo wa askari wa miguu, wakati mizinga ya enzi hiyo, ikishawekwa, ilikuwa vigumu mno kuihamisha katikati ya pigano. Sisi tumekataza kabisa isihame, na mchezo haukuharibika.

Kasoro kubwa zaidi ni kanuni ya mwisho wa mchezo, inayosema kwamba jeshi linashindwa likipoteza nusu ya vikosi vyake vyote. Chukua pigano la Rocroi kati ya Wafaransa na Wahispania, tarehe 19 Mei 1643. Duke wa Enghien, kamanda wa Wafaransa aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliuvunja upande wa kushoto wa Wahispania, akapita nyuma ya jeshi lao na kuupiga upande wa kulia kwa mgongoni. Wapanda farasi wa Hispania walitawanyika, lakini tersio zilibaki zimesimama na kurudisha mashambulizi zaidi ya moja. Kwa kanuni hizi, mchezo huisha kabla tersio hizo hazijapigana kwa dhati, nayo ndiyo sehemu ambayo mtu huipangia meza hasa. Dawa tuliyoipata ni kuhesabu hasara za wapanda farasi na za askari wa miguu kila moja peke yake, na kutolitangaza jeshi kuwa limeshindwa mpaka hesabu zote mbili zifike nusu. Mchezo hurefuka kidogo, bado huisha jioni ileile, na yeyote atakayenunua kijitabu hiki namshauri aanze nacho kwa marekebisho hayo.