Fundi funguo wa gari anayekufuata ulipo: eti nimpe namba ya shemeji

Nimejaribu kusubiri hasira zipoe ndo niandike, hazipoi, kwa hiyo mnisamehe.

Ni kama wiki tatu hivi zimepita, Alhamisi au Ijumaa sikumbuki vizuri. Nimetoka Feri kununua samaki, nikapitia Mwenge kuchukua vitu vya nyumbani, narudi kwenye gari nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Ilikuwa inanisumbua wiki nzima, mpaka ubonyeze mara tatu nne ndo ikubali, ila kuzima kabisa ilikuwa siku hiyo. Jua linazama, changu wangu wapo kwenye buti barafu inayeyuka, na simu yenyewe chaji inaishia.

Nikapiga namba niliyopewa na jirani, hawa mafundi funguo wa kukufuata ulipo. Kwenye simu mkaka ana adabu kabisa, elfu 50 kufungua na elfu 20 ya usafiri, nikakubali. Na kwa hili nisimsingizie, nusu saa haikuisha yupo na bodaboda na begi lake. Akachomeka ule mfuko wa hewa juu ya mlango wa dereva, akapampu mpaka mlango ukaacha upenyo, akapitisha waya mrefu akavuta kitasa cha ndani, mlango huo wazi. King'ora kikalia watu wote wakanigeukia mimi, baadaye kikanyamaza chenyewe. Hapo moyoni nilishampa nyota tano.

Sasa gari haliwaki. Ni haya ya kubonyeza batani, nabonyeza linaniwekea tu kitaa cha funguo kwenye dashibodi. Akachukua rimoti yangu, akaigeuza, akaibonyeza, akaiangalia pembeni pale penye kadude ka kusukuma, akakagusa na kidole, nimeona kwa macho yangu, afu akanirudishia. Akasema kontrolo boksi imesahau funguo, inabidi aprogramu upya na kompyuta, laki 3 na nusu, na gari likilala hivyo gharama inapanda. Nikamuuliza imesahau vipi wakati mchana huu huu nimeliendesha kutoka Feri? Ndo akaniambia, "Dada haya ni mambo ya kiufundi, we nipe namba ya shemeji niongee naye."

Shemeji gani? Yaani jamani shemeji gani? Hilo gari nimecheza michezo miwili kulipata, mmoja wa soko na mmoja wa mtaani, miaka nashona nguo za watu mpaka usiku wa manane, ushuru nimelipa mimi, siku ya kulitoa bandarini nilienda mimi na mdogo wangu. Nikamwambia mwenye gari ndo mimi, ongea na mimi. Akatabasamu, akasema "Sawa dada, ila mwanaume angenielewa haraka." Nikamhesabia elfu 70 yake mkono unatetemeka, akaondoka na bodaboda yake, gari limekaa pale pale.

Kuna mzee anapaki taksi hapo, muda wote alikuwa ameegemea gari lake anatuangalia. Akaja, "Mwanangu, lete hiyo rimoti." Akasukuma kale kadude ka pembeni, kikachomoka kifunguo cha chuma. Kipo ndani siku zote! Akakiingiza kwenye kitasa cha mlango, kikazunguka. Yaani elfu 70 yangu ilikuwa kiganjani kwangu. Kitabu cha gari kipo lakini chote Kijapani, ningejuaje? Afu akaniambia kaa, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia, upande wenye nembo ya Toyota. Ikalia pii, kitaa cha batani kikawa kijani, nikabonyeza, likawaka. Yule dada wa Kijapani anayeongeaga kila nikiwasha akaanza maneno yake, machozi yakanitoka. Mzee akanielewesha kwamba betri ya rimoti ni ya kurusha mawasiliano kwa mbali tu, kile kichipu cha ndani hakihitaji betri, ukikigusisha kinapata umeme kutoka kwenye batani yenyewe. Maneno mepesi kabisa, na hakuulizia shemeji. Nikampa hela akakataa, nikamwachia changu wawili.

Kesho yake fundi saa kanibadilishia betri, CR2032, elfu 2. Ya kwako inaweza isiwe hiyo, nyingine ni 1632, soma namba kwenye betri yenyewe kabla hujanunua.

Mwanzo nilipanga kumpa nyota tatu kwa sababu kazi ya kufungua aliifanya na alikuja haraka, na mwanamke peke yako barabarani usiku unaingia hilo si jambo dogo. Nikasema pengine hakujua kweli, kijana wa watu anatafuta riziki. Lakini nikikumbuka kidole chake kwenye kale kadude nashindwa. Mtu anaishi kwa kuuza hizi rimoti, hajui kuna chuma ndani? Alijua. Alijua kabla hajatoa ule mfuko wa hewa kwenye begi. Kwa hiyo hata ya kufungua mlango naifuta, nyota moja, na hiyo ni ya kuwahi kufika.

Afu mpira wa mlango kumbe aliuchana pale juu alipochomeka mfuko wake, nikiingia barabara ya Bagamoyo nikikaza mwendo upepo unapiga filimbi sikioni, na mvua ilivyonyesha juzi kiti kimelowa. Jana katuma meseji, "Dada vp ile kazi ya kuprogramu, umeshaongea na shemeji?" Nimempigia picha ya mpira uliochanika nikamtumia. Ameiona, hajajibu.