Uzoefu wangu: dawa ya kupaka nondo kwenye nyumba ya karibu na bahari, Mikindani

Majirani wameniuliza sana kama ile dawa ya kuzuia kutu, inayopakwa kwenye nondo kabla ya kurudishia zege lililobomolewa, ina faida kwa nyumba zetu za huku. Ina faida, na ningeinunua tena. Ila inalinda chuma kilichosafishwa mpaka kikang'aa, na inalinda pale ilipopakwa tu. Ukiinunua kwa imani kwamba itatibu nguzo nzima, kutu itakutokea hatua moja pembeni ya ulipoziba.

Nyumba ni ya mama, upande wa barabara unaotazama ghuba. Tuliinunua ikiwa imeshajengwa. Nguzo za baraza zilikuwa zimeanza kupasuka kwa urefu, mpasuko ukifuata nondo moja kwa moja, kisha kona ya nguzo moja ikadondoka yenyewe. Niliokota kile kipande. Upande wa ndani kilikuwa na chapa ya nondo, rangi ya kahawia iliyokolea, na katikati ya mchanga wake kulikuwa na magamba madogo ya konokono wa baharini. Yaani zege lile lilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi haikusubiri kuletwa na upepo, ilikuwamo tangu siku ya kumwaga.

Mama alitaka tupige plasta, tupake rangi, yaishe. Injinia tuliyemwita kutoka mjini Mtwara akamjibu kwa heshima: "Mama, plasta itashika juu ya kutu, na kutu haijamaliza kuvimba." Akatueleza kwamba zege lisiloharibika lina ukali wa alkali, pH ya 12 hadi 13, na ukali huo hukipa chuma utando mwembamba sana unaokizuia kuoza. Chumvi ikifika kwenye nondo hutoboa utando huo. Hewa ya kaboni nayo, ikiingia taratibu kwa miaka, hushusha ule ukali mpaka utando ukose nguvu. Kutu ikishaanza hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichooza, na zege halina pa kuipisha, ndiyo maana linapasuka. Kwetu hata safari ya chumvi ilikuwa fupi: ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, zilifunikwa na milimita 15 tu za zege, wakati karibu na bahari zinatakiwa 40 hadi 50.

Dawa yenyewe ni ya unga, jamii ya saruji, unachanganya na maji na kupaka kwa brashi tabaka mbili, kila tabaka kama milimita moja. Ziko pia praima za zinki za kopo. Fundi wetu aliipendelea ya saruji kwa sababu inashikana vizuri na zege jipya na haigombani na unyevu kidogo. Kuipaka ni rahisi. Kazi ni ile inayotangulia, na hapo ndipo ninapowaomba msikubali mkato.

Kwanza tuliegemeza slabu ya baraza kwa mirunda. Fundi akagonga nguzo yote kwa nyundo, na kila iliposikika wazi kwa ndani akapiga alama ya chaki, kisha akabomoa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha vidole kupita. Nyuma ya nondo ndiko wengi wanakoacha, kwa kuwa hakuonekani. Kutu ilikuwa inabanduka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Ringi za milimita 6 baadhi zilikatika mkononi. Nondo za 12, zilipokwanguliwa na kupimwa kwa kalipa, nyingine zilibaki 9, na hiyo maana yake ni kupoteza asilimia 44 ya chuma chake. Hakuna dawa inayorudisha hicho. Tulifunga nondo mpya pembeni, zikapishana na nzima kwa sentimita 48, yaani mara 40 ya unene wake, na ringi tukaweka mpya za 8.

Kuosha tulitumia maji ya bomba, maana kisima cha jirani kina maji ya chumvi. Na chuma kilichosafishwa asubuhi kilipakwa siku hiyohiyo. Kwa hewa ya Mikindani ukikiacha kilale wazi, kesho kimeshavaa wekundu mpya, na unga wako unaupaka juu ya kutu.

Sasa kuhusu mpaka wa dawa hii. Ukiweka zege safi sehemu moja ya nguzo yenye chumvi, nondo ya hapo inatulia, lakini ile iliyobaki ndani ya zege la zamani, sentimita chache tu pembeni, inaanza kuoza kwa kasi. Kwa hiyo injinia alishauri vipande vya zinki vinavyofungwa kwa waya kwenye nondo, kando kando ya kiraka, kabla ya kupaka dawa, ili chuma kigusane na chuma. Zinki huoza badala ya nondo. Tuliviagiza Dar es Salaam na bei yake si ndogo, kwa hiyo viliwekwa kwenye nguzo tu. Linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha la mbele, ilipakwa dawa bila zinki.

Misimu miwili ya mvua imepita. Nguzo zote hazina mpasuko, nazigonga mwenyewe na zinalia nzima. Linta imeshaonyesha ufa mwembamba, na haupo kwenye kiraka, uko pembeni yake. Siilaumu dawa kwa hilo, palipopakwa pamesimama vizuri. Lakini kwa zege lililochanganywa kwa mchanga wa bahari, sasa siwezi kumshauri mtu anunue dawa peke yake.

Nikipita mbele ya Boma, jengo la utawala wa Wajerumani la mwaka 1895, huwa natazama zile kuta nene za mawe na chokaa. Hazina nondo ndani, kwa hiyo ugonjwa huu haziujui. Sisi tuliochagua nondo tuna wajibu wa kuzifunika.

Kwa anayeanza kujenga, gharama yote hii inazuilika kwa vitu vya bei ndogo: mchanga usio wa ufukweni, maji yasiyo na chumvi, biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuitenga nondo na ubao) za milimita 50 chini na pembeni ya nondo, zege lisilozidishwa maji, na kulimwagilia siku 7 likiwa limefunikwa magunia. Biskuti unaweza kuzimwaga mwenyewe uani, kwa saruji na mchanga uleule wa zege lako.

Sisi linta tutaifungua kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Zinki nimeshaagiza.