Uzoefu wangu na mtihani wa Kijerumani B1 hapa Kampala

Watu wengi wananiuliza kuhusu huu mtihani hasa wale wanaotaka kwenda Ujerumani kufanya Ausbildung ya unesi, yaani mafunzo ya kazi, basi acha niandike yote hapa. Ngazi za lugha zinaanzia A1, A2, B1, B2, C1 mpaka C2, kwa hiyo B1 ni ya tatu. Mimi nilifanya Goethe-Zertifikat B1, cheti cha Goethe-Institut ya Ujerumani, hapa hapa Kampala kwenye kituo chao cha Goethe-Zentrum, sikupanda basi la Nairobi kama wengi wanavyodhani ni lazima.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba B1 imegawanywa moduli nne, Lesen, Hören, Schreiben na Sprechen, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, kila moja ina alama 100 na ukipata 60 umepita. Alafu unaweza kuzifanya siku moja zote au ukachukua moja moja, na ukianguka moja unarudia hiyo hiyo tu na unalipia hiyo hiyo tu. Kwa sisi ambao ada inachangwa na mjomba na shangazi na kikundi cha akiba hii ni msaada mkubwa sana jamani, sababu A1 na A2 haziko hivo, ukianguka pale unaanza mtihani wote upya. Mimi nilitanguliza kusoma na kuandika, hizo mbili zingine nikazifanya baadaye nilipokuwa na pesa na pia nimejiandaa vizuri, na ningeambiwa nichague tena ningefanya vile vile.

Sasa tuje kwa Hören maana hapo ndo watu wanaumia. Ni dakika 40, sehemu nne, lakini sehemu ya pili na ya tatu unasikia mara moja tu, ikipita imepita. Mle kuna mtu anaongoza wageni mahali fulani au watu wawili wanapiga stori kituo cha basi, wanaongea kwa spidi ya kawaida ya Mjerumani, hawakungoji. Darasa nililoanzia kusoma (silitaji) mwalimu alikuwa anatufundisha sarufi kwa Kiingereza asubuhi mpaka mchana, der die das ubaoni, na spika haikuwashwa ata siku moja. Watu walitoka pale wanajua kanuni zote lakini ukiwawekea sauti ya dakika mbili wanabaki wanaangaliana. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi, kwa sababu wale wanafunzi wamelipa pesa ya kweli na wazazi wengine wameuza ng'ombe. Kabla hujalipa darasa lolote kaa ndani kipindi kimoja usikilize, kama hamsikii Kijerumani kikizungumzwa toka hapo.

Kilichoniokoa mimi ni Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani. Sisi tuliokulia Bombo idhaa yao ya Kiswahili tunaijua toka redio za wazee, kumbe upande wa Kijerumani wana habari zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza, bure kabisa, nilikuwa nazishusha kwenye simu nikiwa na waifai nasikiliza ndani ya taksi jam ikishika Wandegeya. Na tovuti ya Goethe yenyewe ina mitihani ya mazoezi pamoja na sauti zake, nayo bure, kwa hiyo mtu akikuuzia hizo karatasi usinunue.

Kuandika ni saa moja, kazi tatu, barua ya rafiki, maoni yako, na ujumbe mfupi wa heshima. Hapo chunga muda tu.

Sprechen niliiogopa lakini ndo niliyoifurahia zaidi. Mnaingia wawili, mnapanga jambo pamoja, kisha kila mmoja anaeleza mada yake na mwenzake anamuuliza swali. Kwenye ile mada lazima useme hali ilivyo nchini kwako, na hapo Mganda ana mengi! Tukifanya mazoezi ya mada ya watoto na simu nilieleza bodingi zetu ambako simu zimekatazwa, maneno yakawa yanakuja yenyewe maana naongea kitu ninachokijua. Usikariri hotuba ya mtu, watahini wanaisikia mara moja.

Kwa wale wa chuo kikuu, B1 haitawatosha. Huko wengi wanataka TestDaF, mtihani wa Kijerumani wa wanaoenda chuo kikuu, ambayo madaraja yake ni TDN 3, 4 na 5 na kwa kawaida unatakiwa 4 kila sehemu, au DSH, mtihani mwingine wa lugha ambao unaufanya kwenye vyuo vya kule, au cheti cha C1. Nesi ambaye tayari ana diploma yake na anataka itambuliwe kule kwa kawaida anaombwa B2. Kwa hiyo uliza kwanza unakoenda wanataka cheti gani ndo ulipe. Na agent anayekuambia atakupatia cheti bila kukaa mtihani, banange, mkimbie, vyeti hivi vinahakikiwa na jina lako ndo litakaloharibika, yeye ameshabadilisha namba.

Ada na tarehe zinabadilika, waulizeni wenyewe Goethe-Zentrum mapema, na mwende na pasipoti.

Sa hii nasomea B2, nayo ina moduli nne. Natafuta mtu wa kufanya naye mazoezi ya kuongea, awe Ntinda au Kamwokya jioni, au Bombo wikendi, kama upo niandikie.