Uzoefu wangu: soketi ya kuzamisha ukutani nyuma ya TV, kwa nyumba ya tofali

Kama umewahi kutundika TV kwa breketi ile inayobana karibu na ukuta, tatizo unalijua. Breketi yangu inaacha kama sentimita 3 tu kati ya mgongo wa TV na ukuta. Plagi yetu ya pini tatu ikichomekwa kwenye soketi ya kawaida inajitokeza zaidi ya hapo. Basi ama TV inakaa upande, ama waya unaning'inia mpaka kwenye soketi ya chini na kila anayeingia sebuleni anauona kabla hajaiona TV. Mimi sikutaka hata kimoja kati ya hivyo, nikaweka boksi la soketi linalozama ndani ya ukuta. Sasa limeshapita masika nzima likifanya kazi, kwa hiyo naweza kulisemea.

Nyumba iko Dar es Salaam. Ukuta ni wa tofali za saruji za inchi 6 zilizosimamishwa, plasta pande zote mbili. Nalitaja hili mapema kwa sababu video nyingi utakazozikuta kuhusu bidhaa hii zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba za Marekani. Kule kuta za ndani kwa kawaida ni fremu ya mbao iliyofunikwa bodi za jipsamu, katikati pako wazi. Mtu anakata bodi kwa kisu, anaingiza boksi lenye masikio yanayobana bodi kwa nyuma, anashusha waya kwenye uwazi, na mchana huohuo kazi imekwisha. Umeme wao wa soketi hizo ni volti 120 na plagi zao ni za aina nyingine kabisa. Huku kwetu ni volti 230, na nyuma ya plasta hakuna uwazi wowote, kuna tofali. Ukiagiza boksi la Kimarekani mtandaoni kwa kuvutiwa na picha, masikio yake hayatapata cha kubana, na soketi zetu hazitaingia kwenye matundu yake.

La kwangu aliniletea wifi yangu kutoka Dubai, ambako wanatumia plagi hizihizi zetu. Ni la plastiki nyeupe, kina chake kama sentimita 7. Kilichonifanya nilipende ni jinsi soketi zilivyokaa: hazitazami mbele, zimepachikwa ubavuni mwa boksi, kwa hiyo plagi inaingia kwa pembeni na mwili wake wote unabaki ndani ya ukuta. Upande wa pili kuna tundu lenye brashi la kupitishia waya wa HDMI (ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV) na wa antena, na katikati kuna kizuizi kinachotenga nyaya hizo na umeme. Kabla ya kununua chochote, angalia kizuizi hicho. Boksi lisilonacho, nyaya za mawasiliano zinalala juu ya nyaya za volti 230, na hilo halikubaliki.

Asiyepata boksi la namna hii asikate tamaa. Fundi wangu aliniambia kwamba mara nyingi yeye hutumia boksi la chuma la kawaida la soketi, ila analizamisha sentimita nne au tano nyuma ya usawa wa plasta, kisha anazipiga kingo za shimo plasta safi. Boksi la chuma lazima lifungwe waya wa ethi. Si pazuri kama plastiki ya kiwandani, lakini nyuma ya TV hakuna anayeona.

Sasa mafundi. Wa kwanza niliyemuita alikuja na wazo la kuchimba mfereji, kuuzika waya wa ekstensheni ndani ya saruji, na kuutokeza juu ukiwa na kichwa chake. Alisema wengi wanafanya hivyo, na ninaamini wanafanya. Nilimkatalia. Waya wa ekstensheni ni wa kukaa nje, mahali unapoonekana na unapoweza kubadilishwa ukichubuka. Ukiuzika kwenye saruji bila bomba, siku umepata hitilafu huwezi kuuvuta, itabidi uvunje ukuta. Na ukiwa na kiungo kilichofungwa kwa selotepu humo ndani, joto lake hulioni wala huligusi mpaka lilete madhara. Kwa hili sina simile na mtu: waya wa kuchomeka usizikwe ukutani, hata uwe wa TV yenyewe.

Wa pili alikuwa na leseni. Tanzania mafundi wa wayaringi hupewa leseni na EWURA, Kenya ni EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati, na si utovu wa adabu kuomba kuiona. Huyu hakuanza na tindo. Aliuliza, "Dada, TV ipo? Na breketi ipo? Niletee vyote hapa, ukuta sikati kwa kukisia." Tukailaza TV kifudifudi juu ya godoro. Akapima kutoka ukingoni mpaka pale waya wa umeme unapoingia, akapima matundu ya breketi, kisha akahamishia vipimo vyote ukutani kwa penseli na pima maji. Ndipo ikaonekana kwamba pale katikati, ambapo mimi ningeweka boksi, ndipo bamba la breketi linapokaa na skrubu zake nne. Boksi likahamia pembeni mwa bamba, ndani kidogo ya ukingo wa TV, upande uleule waya wake unaotokea. Pia alikwenda chumba cha nyuma kuangalia kama kuna swichi au soketi iliyo mgongo kwa mgongo na shimo letu. Ukuta wa inchi 6 ukitoboa sentimita 7 upande huu, na mwingine ameshatoboa 4 upande ule, pale katikati hapabaki tofali la maana.

Umeme ulizimwa kwenye meni swichi, akapima kwa testa kabla ya kugusa chochote. Siku hiyo kwa bahati TANESCO walikuwa wamekata, na mdogo wangu akashangaa kwa nini fundi anazima kitu ambacho hakina umeme. Umeme uliokatika unarudi bila hodi, na LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliyoisha mtu mwingine ndani ya nyumba anaweza kuijaza kwa simu wakati fundi ameshika waya.

Mfereji aliukata wima, moja kwa moja kutoka kwenye boksi hadi usawa wa kabati la chini ya TV, kwa grenda kisha tindo. Nilimuuliza kwa nini asikate kwa mshazari afupishe njia ya kwenda kwenye soketi iliyopo kona ile. Jibu lake ni jambo ambalo kila mwenye nyumba angepaswa kulijua. Mtu akija miaka ijayo kutoboa ukuta atundike picha, anaangalia soketi iko wapi na kukadiria kwamba waya uko juu au chini yake kwa wima, au sambamba nayo kwa mlalo. Waya wa mshazari haukisiwi na mtu, na drili itaukuta. Pia mfereji wa mlalo unaudhoofisha ukuta kuliko wa wima. Kanuni ya ujenzi ya Uingereza inaruhusu mfereji wa wima usiozidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usiozidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6 hiyo ni sentimita 5 kwa wima na 2.5 tu kwa mlalo.

Ila soketi yetu imefichwa nyuma ya TV, sasa huyo mtu wa miaka ijayo ataionaje? Hapa fundi alinifurahisha kweli. Chini, kwenye mstari uleule wa wima, aliweka swichi yenye fyuzi ndani yake. Umeme unatoka kwenye mzunguko wa soketi, unapita kwenye swichi hiyo, ndipo unapanda juu. Anayeiona swichi anajua kuna waya unaopanda. Na mimi nikitaka kuzima TV kabisa wakati wa radi sihitaji kuingiza mkono nyuma yake. Fyuzi ni ya ampea 5. TV ya inchi 55 kama yangu haifiki hata ampea moja, na nyaya nyembamba za vifaa hivi hazifai kulindwa na fyuzi ya ampea 13 pekee. Waya uliopanda ni wa milimita 2.5 za mraba, ndani ya bomba la plastiki la umeme.

Kabla ya kuziba, nilipiga picha mfereji wote huku futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa ukutani. Picha hizo nimezihifadhi pamoja na karatasi za nyumba. Fanya hivyo, hata kama fundi wako anakuharakisha.

Nyaya za HDMI na antena zilipewa bomba lao peke yake, na ukubwa wake usiuachie ubahili. Bomba la umeme la milimita 20 linapitisha waya wa antena vizuri, lakini kichwa cha HDMI hakipiti, na HDMI kwa kawaida inauzwa na vichwa vyake vyote viwili tayari. Tuliweka bomba la inchi moja na nusu, lile la maji, na ndani yake tukaacha kamba ya nailoni ya kuvutia waya mwingine siku zijazo. Nimeshaitumia kamba hiyo tulipobadilisha king'amuzi. Nilifunga waya mpya, nikavuta, ukatokea juu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kile kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Wengi tunacho cha kuchomeka, chenye taa, kinene kuliko plagi tatu. Hakiingii kwenye boksi hili na hakitaingia kwenye lolote la namna hii, na kwa umeme wetu TV bila kinga siiwashi. Suluhisho lilikuwa kununua kile cha kufungwa kwa waya, kikawekwa ndani ya kabati kati ya swichi ya fyuzi na waya unaopanda. Inaongeza gharama. Uliza habari hii kabla mfereji haujazibwa, maana baada ya hapo haina njia nyepesi.

Vumbi sitalieleza sana. Funika kila kitu, toa watoto, na fundi avae barakoa. Vumbi la grenda kwenye tofali la saruji linaingia mapafuni. Fundi wangu alikuwa akinyunyizia maji kwenye mstari wa kukata, ikasaidia kiasi.

Kwenye kuziba, alipigilia wavu mwembamba wa chuma juu ya mfereji kabla ya plasta, ili ufa usijitokeze kwenye mpaka wa plasta mpya na ya zamani. Mpaka leo hakuna ufa. Rangi ndiyo inayodai subira. Plasta lazima ikauke kweli, na ukipaka kiraka peke yake kitaonekana hata kama rangi ni ya kopo lilelile. Paka ukuta mzima, kona hadi kona.

Tathmini yangu ya boksi lenyewe: nyota nne kati ya tano. TV sasa imelala sawa na ukuta, hakuna waya hata mmoja unaoonekana, plagi zinaingia na kutoka bila kuforsi, na nikigusa ndani baada ya jioni nzima ya mpira hakuna joto. Nyota moja naipunguza kwa sababu ya brashi ya tundu la nyaya. Nywele zake ni chache na laini mno, na mjusi alishaingia humo. Nilimkuta amejikunja nyuma ya plagi siku ya kubadilisha HDMI. Nimeziba nafasi iliyobaki kwa kipande cha sponji ngumu upande wa HDMI tu, na upande wa umeme nimeuacha ulivyo.

Gharama kubwa si ya boksi. Ni ya ukuta: fundi umeme, plasta, rangi, na kile kifaa cha kulinda. Kwa anayejenga sasa, kazi hii ikifanyika wakati wa wayaringi, kabla ya plasta, bei inashuka sana, maana unachoongeza ni boksi na mabomba mawili tu. Ningekushauri uwekewe hata kama TV bado hujanunua.

Kwa mpangaji, mimi nisingemshauri akate ukuta wa mwenye nyumba, hata kwa ruhusa. Breketi ya mkono inayovutika inaacha nafasi ya kutosha kwa plagi ya kawaida, na tranki nyembamba ya plastiki (ile ya kubandika ukutani na kupitisha waya ndani yake) ikipakwa rangi ya ukuta inaficha waya vizuri. Siku ya kuhama breketi anaondoka nayo, na kinachobaki ni kuziba matundu ya skrubu.